Tuondoe Kifusi Mioyoni Mwetu



Sisi wakaaji wa Nyarugusu twaijua vema kazi ya kuondoa kifusi. Mtu wa mbali akisikia habari ya dhahabu ya Geita hudhani kwamba mchimbaji hupiga sururu mara mbili tatu, na dhahabu ikang'aa mbele yake. Sivyo hata kidogo. Siku nyingi kazi yetu ni kutoa udongo na mawe yasiyo na faida. Mtu hushuka ndani ya duara kwa kamba, hujaza mifuko, wenzake huivuta juu na kuimwaga kando. Na kesho yake huanza tena. Miezi hupita kabla ya kuugusa mwamba wenye mali. Tena mchimbaji mwenye akili hamwagi kifusi chake karibu na mdomo wa duara, kwa sababu mvua ikinyesha kitarudi ndani, na aliye chini hatapona.

Leo nataka kusema nanyi juu ya kifusi cha namna nyingine, kile kinachojaa moyoni mwa Mkristu kidogo kidogo mpaka sala yake haipiti. Mimi si padre wala katekista. Ni baba wa nyumba kama ninyi. Nasema kama mtu aliyefukiwa akatolewa.

Habari yangu yaanza mwaka 2014. Tulikuwa watu wanne wenye duara moja. Tulichimba miezi mingi kwa mkopo, na tulipokaribia mwamba maji yakaingia, yakajaa, pampu ikashindwa. Kila mmoja wetu alibaki na madeni. Nyumbani mtoto wangu wa pili alikuwa akiugua homa zisizokwisha. Ndipo mwenzangu mmoja akaniambia, "Ndugu yangu, hapa si bure. Kuna mtu anatufunga." Neno hili mmelisikia ninyi pia. Huanza hivyo hivyo siku zote.

Nilikwenda kwa mganga. Nilikwenda usiku, nami nilikuwa nimepokea Ekaristi Takatifu Dominika iliyotangulia. Alipasua kifaranga cha kuku, akatazama ndani yake kwa muda, akasema, "Mwanamke mzee, wa upande wa baba yako. Macho yake ni mekundu." Hakutaja jina. Hakuwa na haja ya kulitaja, kwa maana upande wa baba yangu alibaki mwanamke mzee mmoja tu, naye ni shangazi yangu.

Shangazi huyu ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa bado sijaanza shule, naye akanichukua pamoja na watoto wake. Jina langu ni la babu, baba yake mzazi. Kwa hiyo tangu nilipokuwa mtoto hakuniita mwanangu, aliniita "baba". Huyu ndiye niliyeambiwa kuwa ameyafungulia maji duara langu.

Je, niliamini? Nitasema ukweli: nusu yangu ilikataa, na nusu ikafurahi kupata wa kumlaumu. Nikanunua hirizi mbili zilizoshonwa kwa kitambaa cheusi. Moja niliifukia chini ya kizingiti cha mlango. Ya pili niliificha ukutani, nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, nikaitundika kwenye msumari ule ule. Jioni tulipopiga magoti kusali Rozari, mimi na mke wangu na watoto, tulikuwa tunaitazama picha, na hirizi ilikuwa nyuma yake. Watoto hawakujua. Mimi nilijua, na Mungu alijua.

Tangu siku hiyo sikumsalimu shangazi. Tukikutana njiani niligeuka upande. Lakini sikumshika hata kwa kidole, na kwa sababu hiyo nilijiona sina hatia. Nilisema tu. Nilimwambia mke wangu. Niliwaambia wenzangu watatu wa duara. Jioni moja, tukiwa tumekunywa, niliwaambia na wengine wawili ambao hawakuwa wa duara letu. Basi, ni hayo tu.

Ndugu msomaji, neno kama hilo likitoka kinywani hulioni tena, nalo laendelea na kazi. Haukupita mwezi, usiku mmoja mawe yakapigwa juu ya bati la nyumba ya shangazi. Asubuhi alikuta kikaratasi mlangoni kikimwambia ahame kama anataka kuishi. Mpaka leo sijui ni nani aliyekiandika. Mikono haikuwa yangu, lakini maneno yalikuwa yangu. Akafunga mzigo wake, akaenda kukaa kwa binti yake upande wa Sengerema. Nami nilipoona mlango wake umefungwa, nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nimefikia, na kila Dominika nilikuwa kanisani.

Miaka miwili na zaidi ilipita hivyo. Kisha ikaja Januari 2017. Mliokuwa hapa mwakumbuka. Alhamisi tarehe 26 ardhi iliporomoka katika mgodi mmoja wa hapa Nyarugusu, na watu 15 wakafungiwa chini. Kila mtu aliacha kazi yake, akawa anasikiliza habari. Waokoaji waliondoa kifusi usiku na mchana, na Dominika tarehe 29 wote 15 wakatolewa wakiwa hai. Wengi wetu tulilia kwa furaha.

Siku zile nne nilifikiri mambo mawili. La kwanza ni hili: watu wale wasingeweza kutoka kwa nguvu zao peke yao. Ilihitajika mikono ya watu wa juu iwafikie. La pili lilinichoma zaidi. Nilijiuliza: kama ningekuwa mimi niliyefungiwa chini, na saa yangu imefika, ningemwomba Mungu nini, na shangazi yangu yuko ugenini kwa sababu ya ulimi wangu? Nikaona kwamba mimi nilikuwa nimefukiwa tangu mwaka 2014, wala nilikuwa simwiti mtu anitoe.

Kwaresima ya mwaka huo ilianza tarehe 1 Machi. Baada ya kupakwa majivu nilirudi nyumbani, nikafukua hirizi ya kizingitini, nikaishusha ile ya ukutani, nikazichoma zote mbili nyuma ya nyumba mbele ya mke wangu. Nikaona nimemaliza. Kwa majuma kadhaa nilitembea kifua mbele, nikiwahubiria wengine juu ya ubaya wa waganga.

Lakini mwakumbuka mfano wa Bwana wetu katika Injili ya Mathayo: pepo mchafu akitoka ndani ya mtu, huzungukazunguka, kisha hurudi, akaikuta nyumba ni tupu, imefagiwa na kupambwa; naye huenda kuleta wenzake saba walio wabaya kuliko yeye. Nyumba yangu ilikuwa hivyo, imefagiwa ikabaki tupu. Hirizi zilikuwa zimeondoka, lakini shangazi alikuwa bado mchawi katika nusu ya moyo wangu, na katika vinywa vya watu alikuwa mchawi kabisa.

Karibu na Pasaka nilikwenda kuungama. Nilitaja mganga, nikataja hirizi, nikataja Komunyo nilizopokea vibaya. Padre alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na yule uliyemsema, yuko wapi sasa?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Akanieleza kwamba jina jema la mtu ni mali yake, na aliyeiba mali hujuta na kuirudisha. Akanikumbusha habari za Zakayo, ambaye Bwana alipoingia nyumbani kwake hakusema tu kwamba amejuta, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Nikaahidi kwenda. Padre akaniondolea dhambi kwa jina la Mungu.

Nilikwenda Sengerema katika juma la Pasaka. Nilichukua sukari, sabuni na kitenge, kama mtu anayekwenda kulipa deni kwa vitu. Nilimkuta shangazi jikoni. Jiko lile ni dogo, halina dirisha, mafiga matatu, na kuni zilikuwa mbichi. Alikuwa ameinama akipuliza moto, na aliponigeukia macho yake yalikuwa mekundu, yanatoka machozi. Ndugu zangu, nilisimama pale mlangoni nikashindwa kusogea. Moshi ule nilikua ndani yake. Mwanamke huyu alipuliza moto wa kuni mbichi, na samadi kavu kuni zilipokosekana, kwa miaka mingi, na uji uliopikwa kwa moto ule niliunywa mimi. Uwekundu wa macho yake niliuona tangu utotoni. Sikuhitaji kifaranga cha mganga kunieleza ulikotoka.

Nikasema, "Mwangaluka, shangazi."

Akajibu, "Mwangaluka, baba. Umekula?"

Sikuweza kujibu habari ya chakula. Nikapiga magoti palepale nikamwambia, "Shangazi, ni mimi niliyekusema."

Akasema, "Najua. Nilijua tangu mwaka ule."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, nawe ulikuwa hunisalimu? Nilimwambia Mama Maria."

Akanionyesha Rozari yake, uzi wake umekatika na kufungwa fundo mahali pawili. Kisha akasema neno ambalo nataka mlishike kuliko maneno yangu yote. Alisema, "Nimekusamehe, baba. Lakini lile neno ulilisema mbele za watu. Nenda ukaliondoe mbele za watu. Ukiniletea sukari hapa, na kule jina langu likabaki ni mchawi, umefanya nini?"

Ndipo nilipojua mahali kifusi changu kilipokuwa. Kukiri gizani kwa Padre kulikuwa kugumu, lakini hili lilikuwa gumu zaidi. Nilirudi Nyarugusu. Nilimwambia kwanza mke wangu. Nikawafuata wenzangu wa duara mmoja mmoja, na wale wawili wa kilabuni. Kisha, siku ya sala ya Jumuiya yetu, niliomba nafasi, nikasimama, nikasema kwamba nilimsingizia shangazi yangu, kwamba maji yaliingia katika duara kwa sababu tulichimba bondeni na pampu yetu ilikuwa mbovu, na kwamba mtoto wangu alipopelekwa hospitali alikutwa na malaria, akatibiwa, akapona. Jasho lilinitoka kama mtu aliye chini ya duara.

Sitawadanganya. Si wote walioniamini. Mwenzangu mmoja alicheka, akasema, "Yule bibi amekulainisha." Mpaka leo ndivyo asemavyo. Tena shangazi hakurudi. Alisema amesamehe, lakini usiku ule wa mawe hawezi kuulala tena. Nyumba yake ilianguka kwa mvua. Kila mwezi nikiweza huenda kumwona, nami nilimjengea jiko lenye dirisha na bomba la moshi. Duara letu nalo halikutoa kitu. Kwa hiyo msidhani nawaambia kwamba mtu akitubu dhahabu huonekana. Nilipata kitu kingine: jioni tukisali, naweza kuitazama ile picha ukutani.

Nimesimulia aibu yangu kwa sababu jambo hili ni la mkoa wetu wote. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga, kwa sababu ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa katika mikoa hii ya Ziwa. Hata hivyo, Februari 2015, huko Chato katika mkoa wetu huu wa Geita, mtoto mwenye ualbino, mwenye umri wa kama mwaka mmoja, alinyang'anywa mikononi mwa mama yake na kuuawa. Akina mama wazee wangapi wamekatwa mapanga katika nchi ya Wasukuma kwa sababu ya macho mekundu? Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, hukataza kumsingizia mtu uchawi. Lakini kabla ya panga huwa kuna neno, na neno hilo mara nyingi hutoka katika nyumba yenye msalaba ukutani.

Mapadre Weupe walipofika Bukumbi mwaka 1883, hawakuwa na haraka ya kubatiza. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliagiza mtu afundishwe miaka minne kwanza. Wazee wetu walifundishwa, wakapimwa, wakaacha mambo yao ya zamani moja moja. Sisi watoto na wajukuu wao tulibatizwa tukiwa wachanga, na wengine tumeona kazi hiyo ilikwisha siku ile. Haikwisha. Kila Pasaka twarudia ahadi za ubatizo na kumkataa Shetani. Lakini tukirudi nyumbani, je, tumeangalia nyuma ya picha?

Tena tujifunze kwa jambo lililotokea katika Jimbo letu. Usiku wa kuamkia Dominika tarehe 26 Februari 2023, mtu mmoja alivunja na kuingia katika Kanisa Kuu la Geita, akaharibu vitu vitakatifu. Vioo vingeweza kufagiwa asubuhi ileile na Misa ikaendelea. Haikufanyika hivyo. Askofu wetu, Mhashamu Flavian Kassala, alilifunga kanisa, siku zile zikawa za sala na malipizi, na mwezi Machi likafunguliwa tena. Ndivyo Kanisa linavyoagiza mahali patakatifu panaponajisiwa: toba kwanza, ibada baadaye. Ikiwa jengo la matofali lafanyiwa hivyo, moyo wa Mkristu, ulio hekalu la Roho Mtakatifu, waweza kufagiwa tu na kuachwa?

Basi, ndugu msomaji, tufanye nini? Nitasema kwa ufupi, kama nilivyofundishwa.

Kwanza, leo jioni kabla ya kulala, tafuta dhambi moyoni mwako bila kujionea huruma. Kama kuna hirizi, au dawa uliyofukia, au chale ulizochanjwa ukazitumainia, zitaje. Kama ni gongo, au bahati nasibu inayokula ada ya watoto, au ndugu usiyemsalimu, vitaje pia. Usiseme, "Mimi sikumshika mtu." Nami nilisema hivyo.

Pili, usingoje mpaka uwe safi ndipo uende kwa Padre. Wale watu 15 hawakungoja wajitoe wenyewe. Neema ya Mungu ndiyo itakayokufikia chini ulipo. Kazi yako ni kuita. Kiri yote, jute kweli, kusudia kuacha.

Tatu, rudisha ulichoharibu. Kama ni fedha, rudisha fedha. Kama ni jina la mtu, lirudishe mbele ya wale wale uliowaambia. Usimwage kifusi chako karibu na mdomo wa duara, ukasema nimemaliza. Mvua ya kwanza itakirudisha. Bwana wetu amesema kwamba ukileta sadaka altareni ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache kwanza ukapatane naye. Na kama Sengerema ni mbali, nauli yake si kubwa kama deni lenyewe.

Nanyi akina mama, mnaopuliza moto kila siku: moshi ule hauwafanyi wachawi. Nanyi vijana mnaoshuka duarani: maji yakiingia, tazameni pampu na matimba kabla ya kumtazama bibi wa jirani.

Shangazi yangu bado yu hai. Nilipomweleza kwamba nataka kuyaandika haya gazetini, aliuliza kama wataandika jina lake. Nikamwambia hapana. Akasema, "Vema. Lakini waambie wasali." Nami nawaambieni hivyo: salini, kwa ajili yake na wote waliofukuzwa makwao kwa neno la uongo, na kwa ajili yetu sisi tuliolisema.